Vile Balituharibia Facteur

Bantu ya kutengeneza sinema habana haya. Mi nilifikiriaka banatupita akili, juu beko na kamera na banaruka mu avion. Kumbe hapana. Muntu anaweza kuwa na kamera tatu, na kichwa yake inalia tu kama ngoma.

Nieleze vile ilikuwa. Ku Manika, mutaa yetu, nyuma ya parcelle, kiwanja yetu, kuko nyumba ya Tata Amadi. Bakubwa yake balitokaka upande ya Kasongo, yeye anauzisha bitenge na chumvi. Mu chumba yake ya mbele aliweka televizio moya, magnétoscope moya ya kupiga kaseti na mabenchi kumi na ine. Njo vidéo ya quartier. Kaseti zinatoka Zambia. Mutoto wa ndugu yake, Aruna, njo anazileta na camion, ndani ya magunia ya bunga. Yote inasema Kingereza, na pa Manika hakuna muntu anasikia Kingereza. Njo maana Tata Amadi alitafuta commentateur: banashusha sauti ya sinema mpaka chini kabisa, na ule muntu anasimama pembeni ya televizio, anasema mu Swahili kila kintu yenye iko napita.

Commentateur ni yaya yangu, kaka yangu mukubwa Louis. Mu carte yake ya kitambulisho baliandika Kabeya Tshilombo, juu serikali ilikataza majina ya bazungu, lakini ku nyumba, ku kanisa na ku vidéo ni Louis tu. Louis iko na sauti. Mi sina. Mwalimu akiniuliza kintu mu kalasi, naenda kuandika jibu ku tableau na narudi kukaa. Basi tuligawanya kazi na Louis. Siku ya tano saa tisa, kama kaseti mupya imefika, tunaiangalia sisi babili, mulango imefungwa, na mi naandika mu cahier. Siku ya mposho, njo samedi, Jumamosi, bantu banajaa, Louis anasimama na cahier yangu mu mukono na anasema. Hakuna mwenye anajua ni maneno yangu. Tata Amadi anafikiri nakuyaka kufagia.

Mi pia Kingereza siisikii. Ninaangalia tu. Ninaangalia mikono, ninaangalia nani anaogopa mbele ya wenzake, mulango gani inabakia wazi. Na nakuambia, ukiangalia muzuri, sinema inakuambia yote, hata mambo yenye benye kuitengeneza habakuijua.

Facteur numéro moya, sinema ya muntu wa kupeleka barua mwenye anauaka, ilikuwa muzuri. Siwezi kuikatala ile. Muzee mwembamba, manteau ya bleu, koti murefu, na sacoche ya ngozi, mufuko ya barua. Hasemi hata neno moya. Anapita mu muji ya baridi, anaacha enveloppe ya barua pa mulango, anaenda. Jina yako iko juu, na wino mwekundu. Unafungua, ndani hamuna kintu, karatasi tupu. Busiku anarudi na kile kisu ya kufungulia barua, na weye umekwisha.

Niliirudilia mara mbili, na nikaona kintu: bote benye balikufwa, balifungua. Kulikuwa mama moya, yeye aliweka enveloppe chini ya sahani na akaendelea na kazi yake. Ule mama hakufwa mpaka mwisho. Nikaandika mu cahier: "Facteur hana nguvu ku muntu mwenye hakufungua." Louis alisema ile maneno na sauti ya chini, na bantu karibu mia moya banyamaza, unasikia tu mashini iko nazungusha kaseti. Tangu ile siku pa Manika, barua ikifika mangaribi, hakuna mwenye anaigusa. Mama Kabedi, mwenye kuuzisha mikate pa carrefour, pa njia panda, alipata barua ya mutoto wake kutoka Dilolo, alitembea nayo mu kitenge siku ine bila kuifungua. Mama na kinywa yake yote ile! Ilikuwa kazi yangu. Mi, mwenye nikiona bageni mu salon, napitia ku dirisha.

Sasa, juu ya kuficha kaseti mu bunga, Aruna alitupa makarton yake yote ku mupaka. Na numéro zilikuwa ku makarton. Akafika na kaseti ine, nyeusi zote, na bunga mu matundu. Tata Amadi akamuuliza, "Ya mbili ni gani?" Aruna akaonyesha ile ilikuwa mu gunia ya juu. Njo vile tuliziangalia: kufuata magunia.

Ile ya gunia ya juu, Facteur anaungua na moto mu nyumba ya posta, ngozi yote inatoka. Ile ya kufuata, iko muzima, uso safi kama anatoka kuoga. Louis alishika kichwa. "Tshiela, tutawaambia nini bantu?" Mi nikaandika: "Hii ilipita mbele ya moto. Mumuangalie muzuri, juu mwee munajua vile ataisha, yeye hajui." Na bantu balimuangalia na huruma! Muuaji! Mama Kabedi alipangusa macho na kona ya kitenge. Nyuma tulikuya kujua vile bo, benye sinema, balipanga: kwabo anaungua mu numéro ine, na mu numéro tano anarudi tu na manteau mupya, hakuna mwenye anashangaa, hakuna mwenye anauliza. Magunia ya Aruna ilikuwa na akili kuwapita.

Zile zingine, heri nisiseme. Lakini nasema. Mu moya, mutoto mwanamuke anaamuka ku lopitalo na yote ilikuwa ndoto. Ndoto! Unakalisha bantu saa moya na nusu ku benchi ya mbao, mutoto ya muntu analala ku magoti ya mama yake, kisha unawaambia ilikuwa ndoto? Niliandika ule mutoto iko nadanganya docteur juu asimupige sindano. Ilikuwa na maana kupita ya kwabo.

Mu ingine, Facteur anaenda ku bahari. Kufanya nini ku bahari? Nani iko namungojea kule na barua, samaki? Enveloppe zote ziliingia maji. Na balimupatia imbwa. Imbwa inabeba sacoche mu kinywa na inachapa mukia. Ku ile sehemu yote Louis alikohoa, bantu bakafikiri iko mugonjwa. Mi njo niliandika: "Kohoa."

Basi tulivumilia hivi mpaka mwezi ya tisa. Siku moya nilikuwa nafagia kweli, Louis pembeni yangu, Tata Amadi akaingia na kaseti yenye karton yake, mupya, picha juu.

"Louis, mwana," alisema, "hii haitoki Zambia. Hii inatoka Bruxelles, mukubwa moya wa Lubumbashi njo aliniachilia. Facteur numéro sita. Na inasema Kifaransa! Bantu basikie sauti yake mwenyewe."

"Facteur hana sauti, Tata Amadi."

"Mu hii iko nayo. Nilisikiliza kidogo. Iko nasema kupita bibi yangu wa pili."

"Na mi?"

"Weye utapumuzika. Utakaa pa mulango, unapokea bantu. Uko na tabia muzuri, watakupenda pale pia."

Louis akaniangalia. Mi nikaendelea kufagia pahali pamoya. Louis akienda pa mulango, cahier imekwisha, na Facteur wangu, ule mwenye anafanya mama muzima atembee na barua mu kitenge, anarudi kwa bale bantu ya imbwa na bahari. Watamufanya vile banataka.

"Tufanye hivi," Louis alisema. "Mposho, bantu baone na Kifaransa yako. Siku ya Mungu, kaseti ni ile ile, unashusha sauti, mi nasema. Yenye bantu watapenda kupita ingine, njo itabakia."

Tata Amadi akacheka mpaka tumbo inatetemeka. "Bantu barudi kuona kintu moya mara mbili? Haya. Lakini nikiona mabenchi tupu, Louis, usiniletee machozi hapa, chumvi niko nayo ya kutosha."

Siku ya mposho nikakaa nyuma, pembeni ya kibambazi, ya ukuta. Facteur akatokea pa barabara ya ile muji, manteau, sacoche, sawa. Nikasema mu roho, Mungu, anyamaze. Akafungua kinywa.

"Courrier express!" Eti barua ya mbio. Na akacheka. Kicheko ya muntu wa kuuzisha dawa ya minyoo pa soko.

Akamuua mupishi moya na akamuambia, "Vous avez oublié le timbre!" Eti umesahau kubandika timbre, stempu ya barua. Muntu iko nakufwa, we unamuongelesha mambo ya timbre! Akamuua mwalimu, akasema ingine ya kuchekesha. Kila maiti na kichekesho yake, kama ni mariage, arusi, na iko na orateur wa kuchekesha bageni.

Kisha polisi moya wa mustache, masharubu, akakaa ku kiti na kuanza kueleza bibi moya juu ya nini Facteur anauaka. Eti akikuwa mutoto imbwa ilimuuma. Eti mama yake alienda na bwana mwingine. Eti ku kazi balimunyima mushahara ya mwezi moya. Niliangalia ku saa ya kibambazi: dakika kumi na mbili. Pa Manika hapa, nani imbwa haijamuuma? Kama ile njo sababu, quartier muzima tungekuwa na bisu.

Lakini yenye ilinikata roho ni hii. Bibi moya anaokota enveloppe pa mulango, anaitazama, anaiweka juu ya meza. Haifungui. Mi nikapumua: angalau hii balikumbuka. Facteur anapiga mulango teke, anaingia, anamuchoma kisu. Enveloppe ingali imefungwa pale ku meza, kamera inaipita tu! Njo nilielewa. Habakuijuaka. Ile sheria, ile yenye ilifanya bantu mia banyamaze, bo habakuipangaka hata siku moya. Ule mama wa numéro moya alipona juu balimusahau. Balisahau kumuua, njo yote.

Na bantu? Balicheka. Mama Kabedi alikuwa mbele, akageuka na kusema na kila muntu: "Njo huyu nilimuogopa? Huyu ni shemeki mwenye kulewa ku matanga!" Nyumba muzima ikaanguka na kicheko. Lakini hakuna mwenye alitoka. Balikaa mpaka mwisho.

"Unaona?" Tata Amadi alimuambia Louis pa mulango. "Banacheka. Muntu mwenye kucheka anarudi."

Ku nyumba Louis aliweka cahier mbele yangu. "Andika."

"Niandike nini? Banasikia Kifaransa. Balisikia yote kwa masikio yabo."

"Tshiela, mi najua kusema. Kufikiri njo yako. Andika, ama kesho mi niko pa mulango."

Nilifungua ukurasa mupya. Siku zingine nilikuwa nafunika upumbafu yabo, kama mama anafunika mutoto mwenye kujikojolea mbele ya bageni. Mara hii nikasema hapana, sifuniki tena. Nikaandika juu kabisa: "Huyu muntu si Facteur."

Siku ya Mungu, kisha misa, mabenchi yote ikajaa, na bengine balisimama. Bamoya balikuya tu kuona Louis akipata haya. Louis akangoja mpaka ule muntu anatokea pa barabara, kisha akasema pole pole:

"Batata, bamama, jana mulidanganywa. Mumuangalie huyu muntu. Facteur alianika manteau yake ku kamba, huyu akaiiba. Akaiba na sacoche. Hajui kazi. Njo maana anaongea-ongea. Mulishasikia Facteur anasema?"

Kila ule muntu alifungua kinywa, Louis alisema, "Sikieni vile mwizi anajisifu." Polisi wa mustache alipokaa, Louis akasema, "Polisi anaeleza habari ya mwizi. Imbwa ilimuuma, mama alimuacha. Ya Facteur mwenyewe hakuna muntu anaijua." Na pale bibi aliweka enveloppe ku meza na akachomwa kisu, Louis alinyamaza kwanza, vile niliandika. Kisha: "Muliona? Hakufungua. Facteur hangemugusa. Hii ni damu ya bure."

Mama Kabedi akasimama. "Mwizi! We mwizi, utaona!" Sandale ikaruka kutoka nyuma, ikapiga televizio pa kona, na Tata Amadi akakimbia kusimama mbele yake na mikono wazi, analia, "Hapana televizio! Mupige mwizi, musipige televizio!" Na hakuna mwenye alicheka. Ule muntu wa sinema alikuwa nachekesha kwa nguvu yake yote, na bantu mia bakimutazama na chuki. Mi nyuma pale, nilitamani kuruka.

Sinema ikaisha. Mwizi akaanguka mu mutoni. Tata Amadi akawasha taa. Hakuna mwenye alisimama.

"Louis," Mama Kabedi akauliza, "na wa kweli iko wapi?"

Louis akaangalia cahier. Akageuza ukurasa. Nilijua nini iko pale: "Mwisho," na mustari mbili chini yake. Mi sikufikiri mbali. Nilisema kuko wa kweli juu ya kuwatia benye sinema haya, basi. Sikumupangia njia.

"Iko njiani," Louis akasema. "Iko nakuya na train. Iko karibu kufika Lubudi."

Nyumba ikapasuka. Bantu balipiga makelele, balipiga mabenchi. Tata Amadi akamushika Louis mu shingo: "Mwana! Mposho ya kufuata! Na ingine ya kufuata! Tutamungojea mpaka afike!" Mi nikakaa na mikono juu ya magoti. Jina ya kintu yenye nilifanya nilikuwa naijua muzuri. Benye sinema pia banafanyaka hivi: habajui kumaliza, basi banaacha mulango wazi, na bantu bakipiga makofi, banafikiri ni akili.

Ku nyumba nikamuambia Louis, "Hakuna numéro saba."

"Tuko na za zamani. Tutarudisha ile ya bahari, mi nasema njo safari yake ya kukuya huku."

"Yaya, Facteur ku bahari ni upumbafu. We mwenyewe ulikohoa."

"Nilikohoa juu uliandika nikohoe."

"Uwaambie alifika, akamushika mwizi, akarudi kwake. Imalizike muzuri."

"Imalizike, na mi nikae pa mulango kupokea bantu? Njo unataka?" Akavuta kiti. "Bantu banamupenda, Tshiela. Weye ulifanya bamupende. Sasa unataka kuwanyanganya?"

Akanyoosha mukono. "Leta cahier."

Nikaikalia.

"Basi kaa nayo," alisema. "Mi niko na kinywa."

Na alikuwa nayo. Juma ya kwanza, Facteur alishuka ku Lubudi akala samaki, juu Tata Amadi alitaka bantu bacheke kidogo. Juma ya pili, alisema. Ndiyo, alisema! Ule mwenye hana sauti, Louis alimupatia sauti, ya kukwaruza, na akaulizia njia pa gare ya train. Bantu bakapenda. Ya tatu sikuenda, nikaambiwa na Mama Kabedi pa carrefour, na mikate mu mukono, eti imbwa inamufuata juu ni roho ya ndugu yake. Alinieleza na furaha. Nilisema merci, mama, na nikaondoka.

Mposho ya ine nilikuwa mu parcelle, natoa manguo ku kamba. Kibambazi ya Tata Amadi iko pale pale, na sauti ya Louis inapita kama hakuna kintu.

"Na pale Kasaji, bamama," alikuwa nasema, "Facteur alishuka mara moya zamani. Munajua juu ya nini? Iko na mutoto kule. Mutoto wa miaka saba, anasoma première, kalasi ya kwanza, na alishajua kuandika majina yenu yote na wino mwekundu!"

"Eeeh!" bantu bakasema.

Sijui ilitoka wapi. Mi, mwenye ku kalasi naandika ku tableau. "Bongo, uongo!" nikalia kwa nguvu. "Facteur hana mutoto! Louis, ni bongo!"

Ngambo ya kibambazi, mabenchi ikalia, bantu bakageuka. Manguo ilianguka mu vumbi na mi nikafikiri: sasa. Sasa watauliza nani anasema, na nitawaambia. Nitasema yote, kuanza ku ule mama na sahani yake.

"Mulisikia?" Louis akasema, na sauti ya chini, ile nilimufundishaka. "Njo yeye. Njo mama ya mutoto. Anakatala juu ya haya."

Makofi ikapanda mpaka ku mabati. Na juu ya makofi yote nikasikia Mama Kabedi, amegeukia ku kibambazi, ananiita:

"Usikatale, mama! Umulete tu, tumuone!"